Twamwombea Askari, Twavipinga Vita



Wapendwa Wakristo wenzangu, naanza makala hii kwa kuungama kosa. Mwezi Februari 2025, Dominika moja hapa Mikumi, nilihubiri juu ya vita vya mashariki ya Kongo. Zilikuwa zimepita kama wiki mbili tangu mji wa Goma uanguke mikononi mwa waasi wa M23, na Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilikuwa limekwisha kututangazia kwamba askari wetu wawili wamefariki dunia na wengine wamejeruhiwa. Moyo wangu ulikuwa mzito, na padre mwenye moyo mzito akipanda mimbarini, ulimi humtangulia. Nilisema kwamba vita vile havikuwa na maana, na kwamba damu iliyomwagika imemwagika bure. Kabla sijamaliza, mama mmoja wa WAWATA aliyekuwa ameketi karibu na mlango wa pembeni aliinuka, akajitanda khanga yake vizuri, akatoka nje. Wengi walimwona. Wachache tuliijua sababu: mwanawe wa pili alikuwa huko huko, ndani ya kambi iliyozingirwa na waasi, na kwa siku kadhaa mama huyo hakuwa ameisikia sauti yake.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kwake. Hakunifokea. Alinipa kiti, akaendelea kupepeta mchele wake kwa muda, kisha akasema: "Baba, mimi siasa siijui. Vita sivitaki, na sijui ni mama gani anavitaka. Lakini ukisema bure, mimi nasikia kwamba mwanangu ni wa bure."

Nilirudi nyumbani kwa miguu nikilitafakari neno hilo. Sikubadili mawazo yangu juu ya vita vile. Hata leo naamini kwamba kuvituma vikosi vyetu Goma kwa mara nyingine, bila kazi ya mezani kufanywa kwanza, lilikuwa kosa. Lakini niligundua kwamba nilikuwa nimeyachanganya mambo mawili ambayo Mkristo hana budi kuyatenganisha: uamuzi wa wale waliotuma, na utu wa yule aliyetumwa. Nimeombwa na kamati yetu ya Haki na Amani niliandike jambo hili ili lisomwe katika Jumuiya Ndogo Ndogo, nami naliandika nikijua kwamba wapo watakaokasirika pande zote mbili.

Maana hata halmashauri ya parokia tuligawanyika. Mzee wetu mmoja, aliyepigana Uganda mwaka 1979 na ambaye hadi leo hutembea kwa kuchechemea, alisema kwamba jeshi likiwa mstari wa mbele raia hufunga midomo. Ya kuuliza yataulizwa wakirudi. Mwalimu mmoja kijana akamjibu kwa heshima, "Shikamoo yangu uliishaipokea, mzee, lakini wakirudi ndani ya majeneza tutamwuliza nani?" Kulikuwa pia na sauti ya tatu, ambayo haikusemwa kikaoni ila naisikia mara nyingi kwenye vibanda vya kando ya barabara kuu ya Iringa, mahali mabasi yanaposimama: kwamba vijana wale walifuata dola, basi wasitusumbue.

Hiyo sauti ya tatu nitaijibu kwa ufupi, kwani haistahili zaidi. Yohane Mbatizaji alipoulizwa na askari, "Na sisi tufanye nini?", hakuwadharau kwa kupokea mshahara, wala hakuwaambia waache kazi siku ile ile. Aliwaambia wasimnyang'anye mtu kwa nguvu, wasimsingizie mtu, watosheke na mishahara yao (Lk 3:14). Kijana wa Ulaya, wa Zombo au wa Kidodi anayekwenda kuomba nafasi jeshini aghalabu anakwenda kwa sababu shamba la baba limegawanywa mara tatu na hakuna kazi nyingine yenye mshahara wa mwisho wa mwezi. (Msomaji wa mbali asishangae: Ulaya yetu ni kijiji cha Kilosa, kwenye njia ya kwenda Mikumi.) Na hao wanaomcheka kwamba amefuata dola, sijawahi kuona wakiurudisha mchango wake anapotuma fedha za bati la kigango.

Lakini hoja ya mzee na hoja ya mwalimu zinastahili kupimwa, na haziwezi kupimwa hewani. Inatubidi tuikumbuke habari yenyewe, ambayo wengi wetu tunaijua kwa vipande vya redio.

Tarehe 28 Machi 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2098. Azimio hilo liliunda brigedi maalumu ndani ya jeshi la kulinda amani nchini Kongo, yenye askari wapatao 3,000 kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Brigedi hiyo ilipewa ruhusa isiyo ya kawaida kwa walinda amani: wasijilinde tu, bali wayashambulie makundi yenye silaha. Kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Mwezi Agosti mwaka ule Meja Khatibu Mshindo aliuawa karibu na Goma. Mwezi Novemba waasi wa M23 walishindwa, wakakimbilia Uganda na Rwanda. Nakumbuka fahari tuliyokuwa nayo. Hata wale wasiojua Kongo iko upande gani wa ziwa walijua kwamba vijana wetu wameshinda. Na ilikuwa haki yao kusifiwa. Waliagizwa jambo, wakalitimiza.

Je, waliowaagiza walilitimiza la kwao? Desemba 2013 yalitiwa saini matamko jijini Nairobi. Yalizungumzia msamaha kwa baadhi ya wapiganaji, kuwarudisha katika maisha ya kiraia, kuwarejesha wakimbizi na kushughulikia ardhi yao. Sehemu kubwa ya ahadi hizo ilibaki kwenye karatasi. Askari akishinda ananunua muda. Hawezi kununua amani, kwa kuwa amani haiuzwi na mtu aliyeko kwenye handaki. Muda ule ulinunuliwa kwa damu, nao ukapotezwa na watu waliovaa suti.

Tarehe 7 Desemba 2017, jioni, kambi ya Semuliki katika Kivu Kaskazini ilishambuliwa, na shambulio hilo likahusishwa na kundi jingine, ADF. Askari wetu wasiopungua 14 waliuawa na wengine wengi wakajeruhiwa. Mwishoni mwa mwaka 2021 M23 waliinuka tena. Likaenda jeshi la Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, nalo likaondoka Desemba 2023. Mwezi huo huo likaenda jeshi la SADC, nchi zikiwa zile zile tatu: Afrika Kusini, Malawi na Tanzania. Aprili 2024 askari wetu watatu waliuawa kwa kombora la mota. Januari 2025 Goma ikaanguka. Afrika Kusini peke yake ilipoteza askari 14 katika siku zile, nasi wawili. Wale waliobaki hai walikaa ndani ya kambi zao Goma na Sake, hawawezi kupigana wala kuondoka bila idhini ya wale waliokuwa wamekwenda kupambana nao. Tarehe 13 Machi 2025 wakuu wa nchi za SADC waliufunga ujumbe huo, na mwishoni mwa Aprili misafara ya magari ikaanza kutoka, ikipitia Rwanda, nchi ile ile ambayo wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikuwa wameitaja kwamba inawasaidia waasi, jambo ambalo Rwanda imelikana.

Hesabuni wenyewe. Mji ni ule ule, waasi wanajiita jina lile lile, na kati ya ushindi wa 2013 na kushindwa kwa 2025 hata miaka 12 haijatimia. Kijana aliyekuwa darasa la kwanza brigedi ya kwanza ilipokwenda, alikuwa na umri wa kutosha kupelekwa na ile ya mwisho.

Mimi si mwanajeshi, na sidai kujua namna vikosi vinavyopangwa. Lakini nimeishi Kilosa, na mtu aliyeishi Kilosa anajua kitu fulani juu ya vita vya Kongo hata kama hajawahi kuvuka Ziwa Tanganyika.

Alfajiri ya tarehe 8 Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, watu zaidi ya 30 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Nilikuwa mseminari wakati huo, na habari ile ilitufikia tukiwa tunajiandaa kwa sherehe ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. Nilipopangiwa kazi Kilosa miaka mingi baadaye, niliwakuta wajane wa siku ile. Niliwakuta pia wazee wa kifugaji ambao hawawezi kupita njia fulani bila kuinamisha vichwa. Ugomvi ulianzia wapi? Ulianzia kwenye mpunga na mahindi yaliyoliwa, njia za ng'ombe zilizolimwa, mipaka ya vijiji iliyochorwa bila watu kukubaliana, na swali baya kuliko yote: nani mwenyeji, nani mgeni. Serikali ilileta polisi, na ilikuwa lazima walete. Mtu anayechinjwa hawezi kungoja semina. Mwaka 2009 ikafanyika operesheni ya kuwaondoa wafugaji na mifugo yao. Ugomvi haukwisha. Jina la Mabwegere liliendelea kusikika mahakamani na katika habari za mashaka kwa miaka mingi baada ya hapo.

Sasa someni habari za Masisi na Walikale, mwaka 1993, kabla ya M23 na kabla hata ya wakimbizi wa Rwanda wa 1994 kumiminika huko. Mtazikuta habari za mashamba, malisho, machifu, na swali lile lile la nani mwenyeji na nani mgeni, pamoja na swali la nani ni raia. Baadaye yakaongezeka madini, mataifa jirani na wafanyabiashara wa silaha, hata mzizi ukafunikwa. Lakini mzizi ni ule ambao mwanakijiji wa Rudewa angeutambua mara moja. Kama bunduki za polisi hazikuweza kuupima mpaka wa Mabwegere, bunduki za vijana wetu zingewezaje kuipima mipaka ya Masisi?

Hii ndiyo sababu ninavipinga vita vile. Wale waliovamiwa walistahili ulinzi kabisa. Nisingethubutu kusema vinginevyo katika nchi ambayo kambi yake ya Nyarugusu imewapokea Wakongo tangu mwaka 1996. Tatizo langu ni kwamba silaha ilipewa kazi ambayo si yake, na mtu aliyeishika silaha hiyo ndiye aliyelipa gharama ya uvivu wa wengine.

Kwa mzee wetu wa Kagera nina neno la pekee, kwa kuwa nampenda na kwa kuwa ana haki ya kujibiwa. Mwaka 1978 jeshi la Idi Amin liliingia ndani ya nchi yetu, likaua, likapora, likatangaza kwamba ardhi ya kaskazini ya mto Kagera ni yake. Kujilinda katika hali ile Kanisa halijawahi kukukataza. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, unawataja askari wanaolitumikia taifa kwa uaminifu kuwa ni watumishi wa usalama na uhuru wa watu (namba 79). Lakini mzee atakumbuka pia kwamba Mwalimu alipolitangazia taifa vita alieleza sababu, akaeleza lengo, na watu wa vijijini waliotoa ng'ombe na mahindi yao walijua wanavitoa kwa ajili ya nini. Tulipokwenda Kongo, nani alikuja Kilosa kutueleza? Kuna kigango gani, kuna mkutano gani wa kijiji uliopata kuelezwa lengo ni nini, mwisho ni upi, na nini kitafuata? Mzee anasema tuulize wakirudi. Walirudi 2013, hatukuuliza. Walirudi 2017 kwenye majeneza yaliyofunikwa bendera, tukalia, hatukuuliza. Laiti tungeuliza, pengine mama yangu wa WAWATA asingetoka kanisani.

Na mwalimu naye asidhani kwamba nimekuwa upande wake moja kwa moja. Kupinga vita ni rahisi sana kwa mtu ambaye hatapelekwa. Inawezekana kabisa kuwa mpenda amani ambaye hajawahi kubisha hodi nyumbani kwa mwanajeshi hata mara moja. Niliwahi kuwa hivyo. Hotuba yangu ya Februari ilikuwa sahihi juu ya vita na ilikuwa tupu juu ya mtu, na mama akaisikia ilivyokuwa.

Tunaye mfano bora kuliko mimi. Agosti 1916 majeshi ya Waingereza, yakiongozwa na Jenerali Van Deventer, yaliingia hapa Kilosa yakiwafukuza Wajerumani.  Katika vita vile pande zote mbili walikuwamo Waafrika, askari wa huku na askari wa kule, na nyuma yao wapagazi kwa makumi ya maelfu, wakibeba mizigo ya vita ambavyo hakuna aliyewauliza kama wanavitaka. Wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na njaa, kuhara na homa, wakazikwa kando ya njia bila jina. Wakati vita hivyo vikiendelea, tarehe 1 Agosti 1917, Baba Mtakatifu Benedikto wa Kumi na Tano aliwaandikia wakuu wa mataifa yaliyokuwa yakipigana akiwasihi waache mauaji yale yasiyo na faida, akawapendekezea masharti ya kupatana. Hakuna aliyempenda kwa sababu hiyo. Kila upande ulimshuku kwamba ni wa upande wa pili. Lakini Papa huyo huyo alifungua ofisi Vatikano ya kuwatafuta askari waliopotea na kupeleka habari kwa mama zao, na akahangaika mateka wagonjwa na majeruhi wabadilishane warudi makwao. Hakuona mgongano wowote kati ya kazi hizo mbili. Alivipinga vita kwa mkono ule ule aliotumia kuandika barua kwa ajili ya mateka.

Na katika jeshi la Italia, vita vile vile, alikuwamo sajini mmoja wa kikosi cha matibabu, padre kijana, baadaye akawa mhudumu wa kiroho wa askari hospitalini. Jina lake Angelo Roncalli. Miaka mingi baadaye, akiwa Papa Yohane wa Ishirini na Tatu, ndiye aliyetoa waraka juu ya amani duniani, Aprili 1963. Nashawishika kuamini kwamba waraka ule ulianza kuandikwa kando ya vitanda vya wale vijana.

Ndugu zetu Maaskofu wa Kongo nao wametuonyesha njia. Mwanzoni mwa mwaka 2025, pamoja na viongozi wa Makanisa ya Kiprotestanti, walitoa pendekezo la mapatano ya kijamii kwa ajili ya amani, na mwezi Februari wakaenda mpaka Goma kuzungumza na viongozi wa waasi, na Kigali kuzungumza na Rais wa Rwanda. Walilaumiwa vikali na baadhi ya wakubwa wa nchi yao, kana kwamba kuzungumza na adui ni kumbariki. Miezi michache baadaye, Juni 2025, serikali za Kongo na Rwanda zilitia saini makubaliano jijini Washington, na Julai serikali ya Kongo na M23 wakatia saini tamko la misingi huko Doha. Mapigano hayakukoma kwa saini hizo, na sitaki kuwadanganya kwamba meza hufanya miujiza. Lakini mezani ndiko walikokwenda wote hatimaye, baada ya makaburi. Wangeweza kwenda kabla.

Sasa niseme juu ya yule aliyerudi, kwa maana hapo ndipo parokia yetu inapojaribiwa kila siku.

Kijana wa mama yule alirudi salama. Yuko likizo mara kwa mara, na akija nyumbani huja Misa ya kwanza, hukaa benchi la nyuma kabisa, na huondoka kabla ya matangazo. Watu wanamwuliza maswali ya kijinga. Wengine wanamwuliza ameua wangapi. Wengine wanamwuliza ameleta nini. Kijana mmoja wa VIWAWA alimwita shujaa mbele ya watu, akitaka asimulie. Akainama, akasema ana haraka. Mimi sijamwuliza kitu. Nimemwambia tu kwamba mlango wangu hauna saa.

Tukiwa seminarini tulifundishwa habari ambayo wakati ule niliiona kama mambo ya makumbusho. Mtakatifu Basili, karne ya nne, alishauri kwamba askari waliomwaga damu vitani wakae miaka mitatu bila kupokea Komunyo, ingawa mababa waliomtangulia hawakuwahesabu kuwa wauaji. Tulicheka ukali wake. Leo naona alikuwa akigusa jambo ambalo sisi tumelisahau: kwamba hata mtu aliyetii amri halali, hata aliyepigana upande wenye haki, anarudi na kitu moyoni kinachohitaji muda na sala na watu wa kukaa naye. Sisi tunampa siku moja ya vigelegele, kisha tunamwacha na pombe. Sisemi turudishe adhabu ile. Nasema tukubali kwamba jeraha lipo, na kwamba shangwe si dawa yake, wala lawama.

Kamati yetu imekubaliana mambo kadhaa, nami nayaeleza kama yalivyo. Katika sala za waamini tutawaombea askari wetu kila Dominika ya kwanza ya mwezi, pamoja na raia wa nchi walikotumwa na pamoja na wale wanaopigana nao. Mkisikia hilo la mwisho msishtuke, Bwana ndiye aliyeliamuru (Mt 5:44). Familia yenye mtu aliye kazini nje ya nchi itatembelewa na jumuiya yake kama tunavyotembelea wagonjwa, na ikipatwa na msiba, kamati itaisaidia kufuatilia haki zake kwa maandishi, maana mjane wa Kisanga au wa Kidodi hawezi kusafiri kila wiki kwenda Dar es Salaam kuulizia faili. Mahubiri juu ya vita hayatazuiwa. Mwandishi wa makala hii ameombwa tu ayaandike kabla ya kuyasema.

Vilevile tutamwandikia mbunge wetu barua, yenye maswali matatu. Jeshi letu likipelekwa tena nje ya mipaka, Bunge litaelezwa lini, na kwa uwazi gani, lengo la kazi hiyo na mwisho wake? Ni juhudi gani za mapatano zinazofanywa sambamba na kabla ya silaha, na nani anawajibika zisipofanyika? Na wale waliorudi na majeraha, ya mwili na yasiyoonekana, wanatunzwaje baada ya kuvua sare? Maswali haya hayamtukani askari yeyote. Mzee wetu wa Kagera aliyasoma, akakaa kimya kitambo, kisha akaomba la tatu liwe la kwanza. Tumelibadilisha.

Jambo la mwisho ni la tarehe. Rudewa ilikuwa tarehe 8 Desemba, Semuliki tarehe 7, mkesha wake. Kwa hiyo katika sherehe ya Mkingiwa mwaka huu tutawaombea pamoja: wakulima na wafugaji wa Kilosa waliouana, na askari wetu waliouawa Kongo. Majina ya askari yaletwe ofisi ya parokia na ndugu wanaopenda yasomwe, wasiopenda wasilazimishwe. Nia zitasomwa na mama yule wa WAWATA. Nilipomwomba alinitazama kwa muda, akauliza kama nitahubiri mimi. Nikamwambia ndiyo. Akasema atakaa mbele.